Shati la Lusweti

Huko Kabras, nguo ikikushinda ulimpelekea Gentrix. Masizi ya miwa iliyochomwa, utomvu wa ndizi, kola iliyogandiwa na jasho, kila kimoja alikijua dawa yake. Kwa hiyo asubuhi ile mumewe, Lusweti, alipoingia uani na kumtupia usoni shati lililolowa damu, hakushtuka sana. Lusweti alisema wamechinja ng'ombe huko sokoni. Akataka shati liwe safi akirudi, kisha akashuka mtoni kuoga.

Gentrix alimimina maji baridi kwenye karai, akatia chumvi, akalilowesha. Damu haitaki maji ya moto. Ukiipika inang'ang'ania kwenye uzi, haitoki tena. Alisugua kifua cha shati kwa sabuni ya kipande, akamwaga maji mekundu, akatia mengine. Mikono ya shati alikuwa hajaigusa bado jirani yake Dorothy alipochomoka kwenye miwa, anahema, kiatu kimoja hana.

Dorothy alimwambia kwamba Elvis ameokotwa kwenye njia ya shambani, amekatwakatwa kwa panga. Watu wamempakia kwenye bodaboda kumkimbiza hospitalini, mkono wa kulia unaning'inia kwa ngozi tu.

Elvis alikuwa kakake Gentrix, wa tumbo moja. Jana yake alikuwa amekuja kutoka Shinyalu kumuuliza Lusweti kwa nini dada yake haishi kuvimba uso.

Gentrix alitazama povu la waridi kwenye vidole vyake, akavikung'uta kando ya karai. Aliingia jikoni, akatoka na sufuria ya maji ya uji yanayochemka, akaimwagia ile mikono ya shati. Damu ikageuka kahawia. Dorothy alimuuliza kama amerukwa na akili.

"Nataka ikae," alisema.

Lusweti aliporudi aliona shati, akaona na uso wa mkewe.

"Mama Ashley, hii ni kazi gani?"

"Ni damu ya Elvis."

Lusweti alilipiga karai teke, akamkamata nywele na kumgongesha kwenye jiwe la kufulia. Nyusi ikapasuka. Alipoanguka, alimkanyaga mbavuni, na Gentrix akasikia mfupa mmoja ukivunjika ndani yake. Dorothy alipiga mayowe. Lusweti alimwacha akaenda kuchomoa panga kwenye paa la jikoni, na alipogeuka, Gentrix alikuwa amepiga magoti, sufuria mkononi. Maji yaliyobaki, bado yakitoa mvuke, yote yalimwishia Lusweti usoni.

Wakata miwa walifika wakamkuta akigaagaa. Walimpiga kwa mateke na kwa miwa mpaka meno yakamtoka, na mmoja akaitisha petroli. Gentrix alijiburuta mpaka katikati yao, shati amelikumbatia.

"Msimchome. Elvis ako hai. Huyu aende amwangalie kortini."

Walisitasita, wakarudi nyuma. Polisi walimchukua Lusweti, wakachukua na shati.

Elvis hakufa. Mkono ulikatwa kwenye kiwiko. Gentrix alimchukua mtoto wake Ashley wakahamia kwao Shinyalu, na wiki za kwanza ndiye aliyemmegea kakake obusuma, ugali wa kwao, na kumlisha, akijishika ubavu kila alipokohoa. Siku moja Elvis aliusukuma mkono wake taratibu, akamega mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Mchuzi ulimchuruzikia kifuani. Wakacheka mpaka Gentrix akalia kwa maumivu ya ubavu.