Mafuta ya Kwanza ya Lori la Lyall

Kwetu, kwenye njia ya Birdsville, lori jipya haliendi safari mpaka mzee wa nyumba alitie mafuta ya kwanza ya injini kwa mkono wake. Babu ndiye aliyeanzisha mambo hayo. Mimi ni fundi wa gereji ya nyumbani mwaka wa kumi na tisa huu, na nimeyashuhudia kwa malori saba. Sita ya kwanza hayakujali lolote. Yale ungeyatia hata mafuta ya kukaangia samaki, yangekwenda.

La saba lilikuwa la kaka yangu Lyall, jipya kabisa, la kuvuta matrela ya ng'ombe. Injini yake ilitaka mafuta mepesi, namba thelathini, na kitabu chake kilisema hivyo waziwazi. Mafuta mepesi hupenya vijia vyembamba na kufika kwenye turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, mara tu injini inapowaka. Mazito hujikokota, na asubuhi za Julai, kipindi chetu cha baridi, maji yanapoganda kwenye bakuli la mbwa, hujikokota zaidi. Muda wote huo turbo inazunguka kavu na kujila. Nilimweleza Lyall, akanunua pipa la mepesi akaniachia, akaenda kushughulikia vibali vya mifugo.

Baada ya chai ya saa nne baba akaingia gereji akisukuma pipa lake, namba sitini, mazito kama asali. Tangu mama afe mwezi wa pili alikuwa haondoki kitini. Siku hiyo alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati safi. Akalifungua pipa la Lyall, akachovya kidole, akacheka.

"Huu mkojo wa mbuzi ndio mnataka kuutia humu? Huku kiangazi jua linafika digrii arobaini na tano."

Nikamwambia injini za siku hizi si kama zile zake, na kitabu kimesema.

"Huyo aliyeandika kitabu ameshalala Birdsville hata siku moja? Shika faneli, Noelene. Mimi ndiye niliyekufundisha kushika spana."

Nikashika faneli. Akamwaga yale mepesi ambayo lori lilitoka nayo kiwandani, akatia yake taratibu huku akipiga mbinja, na mimi nilikuwa sijasikia mbinja ile tangu mazishini. Nikajiambia ni safari moja tu, siku nne, Lyall akirudi nitayabadilisha kimyakimya. Lyall alipofika baba alikuwa amekaa kando ya lori akimsubiri, na kaka akamkumbatia bila kuuliza ni mafuta gani. Ningeweza kumnong'oneza. Niliogopa atayamwaga mbele ya mzee, na mzee atarudi kwenye kile kiti. Ndiyo sababu, sina nyingine, na ni sababu ya kijinga.

Asubuhi ya tatu Lyall aliamka njiani, baridi imetanda, akawasha lori na kuondoka na ng'ombe mia na kumi. Kilomita sitini mbele turbo ikakatika. Mafuta yakarukia bomba la moshi lenye moto, na lori likawaka. Yeye aliruka chini mzima. Kisha akasikia ng'ombe wanavyolia, akarudi kufungua milango ya matrela. Alifungua miwili. Wa tatu chuma chake kilikuwa kimeshaiva kwa moto, na aling'ang'ana nacho mpaka mikono ikaisha.

Nilimfuata hospitali mjini Adelaide peke yangu. Walikuwa wamemwachia vidole vitatu. Nikamwambia yote, mpaka faneli, nikilia, na nikamwomba asimchukie mzee kwa sababu hakujua.

"Baba hakujua," Lyall alisema. "Wewe ulijua."

Kisha akasema mzee asiambiwe kamwe, kwamba yakimfikia yatamuua, akageukia ukutani. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia.

Amerudi nyumbani tangu Septemba. Kila asubuhi baba humshikia kikombe cha chai mdomoni, na kila asubuhi humweleza kilichounguza lori: yale mafuta mepesi ya kiwandani, yaliyobaki ndani ya filta.

"Bila yale yangu ungeungua siku ya kwanza, mwanangu."

"Ndiyo, baba," Lyall husema. "Asante."

Mimi huwa nimesimama pale na mkate wake, nikisubiri amalize chai nimlishe. Anakula bila kunitazama. Mzee ana furaha, anatembea, ameanza hata kwenda baa kuwasimulia wenzake.

"Si nilikuambia, Noelene?" hunigeukia.

Nami humjibu kwamba aliniambia.