Leseni ya Bi Sababu

Jumatatu asubuhi tuliingia darasani tukamkuta naibu wa mwalimu mkuu mbele ya ubao, tai imemkaba, chaki mkononi.

"Hesabu nafundisha mimi leo," akasema. "Mkaguzi akiuliza, mimi ndiye mwalimu wenu tangu mwaka uanze. Tumeelewana?"

Tukaitikia. Kidato cha nne kizima tulijua mwalimu wetu wa hesabu, Bi Sababu, yuko wapi: stoo, anahesabishwa vitabu. Mkaguzi akija, yeye hufichwa.

Miaka miwili anatufundisha, lakini leseni yake ya ualimu ni ya daraja la tatu, inamruhusu mwisho kidato cha pili. Naibu ana digrii na daraja la kwanza, ila tangu apewe ofisi chaki ameisahau. Bi Sababu ameshafaulu karatasi zote za mtihani wa kupanda daraja. Kimebaki kitu kimoja, mkaguzi akae nyuma amwone akifundisha darasa la juu. Mwalimu mkuu hataki, maana itabidi akiri nani anatufundisha. Na karatasi zile zinaisha nguvu mwezi ujao. Zikiisha, aanze upya.

Mkaguzi akaingia, mzee mwembamba mwenye faili, akakaa dawati la nyuma. Mwalimu mkuu akasimama mlangoni.

Naibu akaandika swali, akalitazama, likamtazama. Mwishowe akasema, "Wewe, Kimya, njoo umalizie."

Kimya ni mimi. Huwa siongei hata nikikanyagwa. Jirani yangu akaninong'oneza, "Nenda shoga, muokoe mzee wa watu, jasho linamtoka."

Nikaenda. Nikafanya tunavyofanya siku zote: kila mstari, pembeni naandika kwa nini nimeufanya hivyo. Usipoandika, Bi Sababu hasahihishi, hata jibu likiwa sawa. Ndiyo maana tunamwita hivyo.

Nilipofika mstari wa nne, mkaguzi akauliza, "Haya maelezo ya pembeni, nani kawazoesha?"

"Mimi," naibu akajibu haraka. "Ndio mtindo wangu."

Mkaguzi akainuka, akaja mbele, akachukua chaki mkononi mwangu, akamnyooshea. "Vizuri. Nimalizie huu mstari wa nne na sababu yake."

Naibu akaandika namba moja, akaifuta kwa kiganja. Darasa zima likainamisha vichwa. Nikashika ukingo wa ubao.

"Siyo yeye," nikasema.

"Kaa chini," mwalimu mkuu akasema toka mlangoni.

"Siyo yeye. Anayetufundisha yuko stoo. Mmemficha."

"Mtoto huyu ana matatizo kwao," mwalimu mkuu akamwambia mkaguzi. "Mwaka mzima haongei."

"Leo naongea. Mkamwite, mumuone anavyofundisha."

Yule jirani yangu, mzaha wote umemtoka, akasimama. Wakasimama wengine, hadi wale wa dirishani wasiopenda hesabu.

Mkaguzi akamtuma kiranja. Bi Sababu akaja, vumbi la vitabu mpaka kwenye nyusi. Akasoma ubao, akanitazama, akachukua chaki mkononi mwa naibu.

"Mstari wa tatu umenidanganya, mwanangu," akaniambia. "Nani kaona?"

Akafundisha kipindi kizima. Mkaguzi aliandika kurasa tatu, akaweka sahihi. "Hii naipeleka mwenyewe," akamwambia. "Leseni ikitoka utarudi hapa. Mpaka hapo, kidato cha nne hukigusi." Kisha akamgeukia mwalimu mkuu: "Na wewe utanieleza ofisini."

Wiki tatu, akasema, labda nne. Mtihani wa taifa uko miezi mitatu mbele.

Mchana mwalimu mkuu aliniita. Hakuniambia nikae.

"Umeniaibisha, na mwalimu wako umemnyang'anya darasa. Umefurahi?"

"Ninyi mlimnyima leseni, mwalimu. Darasa atarudi kulichukua."

"Kesho uje na mzazi."

"Nitakuja na mama," nikasema. "Na haya haya nitayasema mbele yake."