Aliyechaguliwa Kulima

Mwaka 1951 mume wangu Mabula alikataa katakata kwenda kwenye mafundisho ya ubatizo, misheni ya Ushirombo. "Kama Mungu amenichagua," alisema, "atanifuata hapa hapa kitandani."

Kesho yake alfajiri ngoma ya kikundi cha kulima kilichokuwa kimemchagua ikalia, naye akakurupuka kutafuta jembe.

"Lala, Baba Zipora," nikamwambia. "Si walishakuchagua?"

"Walinichagua bila mimi kuwaomba! Nitalalaje sasa? Jembe langu liko wapi?"

Nilikuwa nimelikalia. Nikamtazama mpaka akainamisha macho, ndipo nikampa.

Jumapili, ngoma ya misheni ilipolia, mimi nilikuwa bado nafunga khanga. Mabula alikuwa mlangoni, ananigombeza kwamba namchelewesha.