Udongo wa Samsam

Sista Nduta alikuwa msafi, na alihakikisha kila mtu anajua. Katika ile kliniki ya kusafisha damu iliyo ghorofani, juu ya duka la mabati pale Kitengela, hakuna mgonjwa aliyepita mlangoni bila kuonyesha kucha. Kuna mzee wa miaka sabini aliyewahi kurudishwa akaoshe shingo, tena mbele ya mkwe wake. Wagonjwa walimwogopa kuliko walivyoziogopa figo zao, na yeye akadhani hiyo ndiyo heshima.

Alisifika pia kwa kasi. Kila alfajiri, kabla watu hawajapanda ngazi, alichukua roli ya plasta, akakata vipande thelathini na sita, akavining'iniza kwenye ukingo wa toroli kama nguo kwenye kamba. Wagonjwa kumi na wanane, vipande viwili kila mmoja. Wakati wa kufunga bandeji juu ya mpira, ule wa kifuani unaoingia hadi karibu na moyo ili damu iende mashineni na kurudi, yeye alinyoosha mkono tu, akang'oa, akabandika. Wenzake wangali wanatafuta makasi. Daktari Githongo, mwenye kliniki, aliwahi kuwaita wauguzi wote waje wamtazame.

Daktari huyo alikuwa anafungua kliniki ya pili, Kajiado mjini, na alihitaji msimamizi. Nduta aliitaka kazi hiyo kufa na kupona. Alikuwa ameshaangalia hata nyumba ya kupanga. Mara, mwezi wa Machi, wagonjwa wakaanza kutetemeka.

Kwanza alikuwa Mzee Mugo, kisha mwalimu mmoja kutoka Kimana, wote wakiwa mashineni. Vidudu vilikuwa vimepita kwenye mpira na kuingia damuni. Walipona kwa shida. Daktari hakuzunguka mbuyu. Alisema asiyeweza kulinda mipira ya Kitengela hatakabidhiwa ya Kajiado. Nduta akaelewa kwamba lazima apatikane mchafu, na kwamba mchafu huyo hawezi kuwa yeye.

Ijumaa moja akampata. Samsam alikuwa mjane, muuza vitambaa wa Kajiado, ambaye binti yake Faysa alimleta mara mbili kwa wiki. Alikuwa mpole, wa kumwombea dua kila aliyemgusa. Siku hiyo Nduta aliona vumbi jembamba karibu na sikio lake. Akamuuliza kama anajimwagia maji anapojiandaa kuswali, maana bandeji ikilowa ni hatari. Samsam alifurahi kuulizwa. Alieleza kwamba tangu awekewe mpira, miezi minane sasa, hajaruhusu hata tone lipite juu ya kiuno. Mwili anaupangusa tu kwa kitambaa, na kuhusu swala alimuuliza sheikh, naye akamruhusu atayamamu.

"Hiyo ni nini?" Nduta akauliza.

"Ni udongo safi, sista. Unagusa na mikono, unapitisha kwa uso na kwa mikono. Kidogo tu. Mtu akiwa na ugonjwa ya kuogopa maji, ni ruhusa."

Angeuliza swali moja zaidi, angeambiwa kwamba viganja hukung'utwa kwanza vumbi likaanguka, na kwamba havishuki kifuani kabisa. Angejua kwamba kati ya wagonjwa wake wote, huyu ndiye aliyeulinda mpira wake kuliko mboni ya jicho. Hakuuliza. Aligeukia chumba kizima, mashine sita zikizunguka, watu sita wamefungwa wasiweze hata kuondoka, akapaza sauti.

"Mnaona sasa? Huyu mama anajipaka udongo, halafu anakuja kulala hapa na nyinyi. Mzee Mugo, si sasa unajua ni nini ilikuwa inakutetemesha?"

Mzee Mugo akajivutia blanketi upande wa ukutani. Faysa aliinuka ili aseme kitu. Mama yake akamshika buibui, akamketisha.

Kuanzia siku hiyo Samsam akawekwa zamu ya mwisho, ya saa nane mchana, kitanda cha mwisho, wa kufungwa bandeji baada ya wote ili uchafu wake usimfikie mtu. Nduta aliandika sababu kwenye faili kwa wino mwekundu, na daktari akaikubali. Hivyo vipande viwili vya mwisho kwenye toroli vikawa vya Samsam kila alipokuja. Vilikuwa vimening'inia tangu alfajiri, vimepitiwa na glavu zilizowagusa watu kumi na saba, vimesuguliwa na sare za wauguzi na kukoholewa na kila mwenye kikohozi. Nduta aliving'oa, akambandika, akamwambia ashukuru hata anakubaliwa kuingia.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, Samsam alisikia baridi akiwa mashineni. Aliijua ni ya nini, kwa sababu alishamwona Mzee Mugo akitetemeka. Lakini ndani ya chumba kile kutetemeka kulikuwa ni kukiri kosa. Akaomba shali, akajifunika, akauma pindo lake ili meno yasisikike. Faysa alipouliza, alisema ni dirisha.

Nduta alipita, akaliona shali likitikisika. Naam, aliliona vizuri sana. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini. Akimpima joto, itabidi aandike mgonjwa wa tatu, na wiki hiyohiyo daktari alikuwa anaamua mambo ya Kajiado. Akasubiri dakika zake, akamfungua, akamtakia safari njema. Samsam alifariki Ijumaa katika hospitali ya Kajiado, walikokuwa wamempima damu.

Wiki iliyofuata akaja Bwana Metito, mtu wa kaunti wa kukagua maambukizi. Alipangusa mabomba, mashine na mikono ya wauguzi kwa vijiti vya pamba, akavitia kwenye chupa. Alipofika kwenye toroli akasimama.

"Sista, hizi plasta zimekaa hapa tangu saa ngapi?"

Nduta akamjibu kwa fahari kwamba tangu saa kumi na moja asubuhi, hapotezi muda yeye. Metito aling'oa kipande kimoja, akakitia kwenye chupa yake. Majibu yalipotoka, vidudu vya kwenye plasta vilikuwa ndivyo vilivyokutwa katika damu ya Mzee Mugo, ya mwalimu na ya Samsam.

Daktari Githongo alimwita Nduta ofisini, akafunga mlango. Akamweleza kwamba ripoti itasema njia ya kazi irekebishwe na haitataja mtu. Kuanzia leo plasta itakatwa mgonjwa akiwa ameshalala kitandani, na itakayobaki itupwe. Kajiado bado ni ya Nduta, maana ufunguzi umekaribia na daktari hana mwingine. Familia ya Samsam wakija, faili ya wino mwekundu ipo. Nduta aliona aibu, tusimsingizie. Ilimchoma muda wote wa kutembea kutoka ofisini mpaka mapokezi.

Faysa alikuwa kwenye benchi, amefuata karatasi za mama yake. Alikuwa amekonda. Alisema nyumbani wamegawanyika, sheikh anasema udongo safi hauwezi kuua mtu, na majirani wanasema sista wa Kitengela alishaonya.

"Sitaki kesi na mtu," akasema. "Nataka tu kujua. Ni ile udongo iliua mama?"

Hapo hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia. Neno moja lingetosha kumrudisha msichana nyumbani na usingizi wake.

"Niliwaambia," Nduta akasema. "Hamkunisikia. Pole sana."

Faysa aligeuza viganja vyake, akavitazama.

"Hakuwa anaweza kuinama," akasema. "Ni mimi nilikuwa namchotea. Nilikuwa naichunga na chujio ya chai, ndio ikuwe safi."

Nduta akampa kalamu, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi.