Bila Mikono

Wodini hakuna anayekumbuka jina langu. Wauguzi wananiita Bwana Kiti, maana nikiingia huoni sindano wala dawa, unaona mtu kabeba kiti cha mbao. Kazi yangu ni kufundisha wazee kukaa na kusimama. Ukicheka sikulaumu. Hata mke wangu alicheka, mpaka mama yake alipolazwa.

Sasa, kulikuwa na mzee mmoja, muuza nyama mstaafu. Aliingia hospitali kwa miguu yake, ana homa ya mapafu, anamkemea binti yake asimshike mkono. Homa ikapona. Siku aliyoambiwa aende chooni mwenyewe, akashusha miguu, akajiinua, miguu ikamgomea. Akarudi kitandani puu, akawa anaangaza huku na huku kama anamtafuta aliyemsukuma.

Nilipoitwa nikafunua shuka. Paja limenywea, ngozi inaning'inia kama soksi iliyolegea mpira. Mzee hakuwa amejitazama tangu alazwe. Akalipima lile paja kwa jicho la mtu aliyekata nyama maisha yake yote, uso ukamshuka.

"Hili si langu," akasema. "Nyama kama hii ningeificha chini ya meza, mteja asiione."

Nikamweleza kwamba mzee akilala tu, misuli inaondoka kimya kimya. Homa inakula, kitanda kinakula, halafu familia yenye mapenzi inamalizia. Mkewe alikuwa anamlisha kijiko kwa kijiko, anamgeuza, anamvalisha mpaka soksi. Tangu siku ya kwanza bibi huyo hakubanduka kwenye kiti kando ya kitanda, na usiku alilala hapo hapo kainamia godoro. Wodi nzima ilimsifu, mimi nikiwa mbele.

Dawa nikawatajia: ale mayai, maharage, samaki, chochote cha kujenga mwili, na kila siku tufanye zoezi la kiti, kukaa na kusimama bila kujisukuma kwa mikono. Mzee akagoma. Alisema hafundishwi kukaa na mtu anayelingana na mwanawe. Kila nikija anajifanya kalala, kope zinachezacheza. Nikimuuliza babu, usingizi gani huu, ananijibu macho kafumba kwamba anaota nimeshaondoka.

Binti yao, karani wa benki, si mtu wa kuzungushwa. Wazee wake wanaishi wawili tu kwenye nyumba yao ya vyumba viwili, na nyumba hiyo ndiyo roho yao. Akasema wazi: baba akiweza kuinuka, au akiwa na wa kumwinua, warudi kwao. La sivyo nyumba inafungwa, wahamie kwake ghorofa ya tatu, na hapo baba hatashuka tena. Bibi hakumwacha amalize. Akasema wa kumwinua ni yeye, mwaka wa ngapi huu anamwinua huyo. Mzee akafumba macho kwa raha. Ikapangwa aruhusiwe kesho yake.

Asubuhi hiyo nilikuja kumfundisha bibi namna ya kumshika mgonjwa bila kuumiza mgongo. Nikaweka kiti changu, nikatania kama kawaida: bibi, huyu mwanafunzi wangu mtoro sana, hebu mwonyeshe inavyofanywa aone haya. Bibi akacheka, akashika chuma cha kitanda, akahamia kwenye kiti changu, akakunja mikono kifuani nilivyomwelekeza, akainama mbele.

Hakuinuka.

Akacheka tena, akasema gauni limembana. Akalilegeza, akajaribu. Makalio hayakuachana na mbao hata kidogo. Mara ya tatu kicheko hakikuja. Alinitazama kama mtu aliyefika mlangoni kwake akakuta kufuli si lake.

Kumbe siku zote akiinuka anajivuta kwa chuma cha kitanda. Kumbe chakula cha kujenga mwili kinaingia kwa mzee, yeye anafuta sahani kwa kipande cha mkate. Nimempita kila siku, namsifu.

Binti akaweka mkoba chini polepole. "Mama," akasema, "wewe ndiye wa kumwinua?"

Bibi akashika kingo za kiti, akaziachia.

Kisha nikasikia kitanda kinalia. Mzee kashusha miguu. Nikataka kumkimbilia, akaninyooshea kidole nibaki nilipo. Akakunja mikono kifuani, akapeleka pua mbele ya vidole vya miguu, vile vile nilivyokuwa namhubiria akiwa "amelala". Magoti yakatetemeka. Akapanda nusu, akasita, nikajua sasa anakwenda chini. Hakwenda. Akasimama, kapinda kama msumari uliong'olewa ukutani, akamnyooshea mkewe mkono.

Bibi akaupiga ule mkono.

"Usinishike. Hukusikia? Bila mikono."

Mzee akakaa kabla hajaanguka. Binti akanivuta pembeni kuuliza nyumba aifunge au asiifunge. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, baba kasimama mara moja na mama bado. Akafikiri, akaenda kumwomba daktari aahirishe ruhusa kwa wiki moja.

Mimi nikatoka kutafuta kiti cha pili. Nyuma yangu nilimsikia mzee anamwelekeza mkewe kwa ukali wa mwalimu mkuu: pua mbele, mama, pua mbele.