Tumbo la Waya

Alasiri aliyofariki mke wangu, nilirudi nyumbani nikamkuta dada yangu amepiga magoti sebuleni, anafunga nyaya za tangi la samaki kwa utepe mweupe.

"Wageni wako njiani, kaka," alisema bila kugeuka. "Hatuwezi kuwakalisha na nyaya zinazoning'inia kama matumbo ya mbuzi."

Mwili wangu ulikuwa mlangoni, akili bado iko wodini, ambako mke wangu aliniambia asubuhi ile, "Naomba usiniulie wale wawili."

Wale wawili ni samaki wadogo wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe, wanaoishi kwenye maji ya chumvi. Yeye alikuwa mshona mapazia, lakini tangi lile alilijenga mwenyewe: kubwa juu, dogo ndani ya kabati chini yake, na pampu ya kurudisha maji juu. Mimi nilikuwa mwoga. Umeme na maji ya chumvi chumba kimoja! Nilikaa kochi la mbali kabisa, naye akinicheka.

"Njoo, bwana, hawang'ati. Anayeng'ata ni umeme, na huyo nimemfunga kamba."

Alikuwa amemfunga kweli. Kila waya aliuacha ulegee, ushuke chini ya soketi, ndipo upande kuchomekwa. Pale paliposhuka alipaita tumbo. "Maji ni mavivu, mume wangu. Yakifika hapa chini yanadondoka, hayana nguvu ya kupanda." Kwenye bomba la kurudisha maji alitoboa kitundu, karibu kabisa na uso wa maji. Umeme ukikatika, maji huanza kurudi chini kwa bomba hilohilo, lakini hewa inaingia hapo nayo yanaacha kushuka. Wala hakujiamini tu. Kila wiki aliizima pampu makusudi, akasimama mikono kiunoni, akitazama mpaka maji yatulie.

Jioni ile, wageni wamejaa, umeme ukakatika. Tukasikia maji yanamwagika. Dada alikuwa amekiona kitundu kikitema maji, akadhani bomba linavuja, akakiziba kwa kijiti cha kiberiti. Maji ya juu yakashuka, tangi dogo likafurika, sakafu ikalowa hadi miguuni pa shangazi zangu.

Umeme uliporudi, kikata umeme, kisanduku alichokifunga mke wangu ukutani cha kuzima umeme unapovuja, kililia *ta!* na tangi likabaki kimya.

"Chomeka huku kwingine, kaka! Samaki wanakufa!"

Walikuwa wamepanda juu, vinywa vinafunguka na kujifunga. Plagi ya pampu nilikuwa nimeshaichomoa, iko mkononi. Soketi ile nyingine, isiyopitia kisanduku, isingeniuliza lolote. Ingetoa umeme tu. Nikawatazama shangazi zangu, peku kwenye maji ya chumvi.

"Tokeni nje wote," nilisema. "Viatu baadaye."

Nilizima swichi kuu. Nikachomoa kila kitu, nikamulika kwa tochi. Ule utepe ulikuwa umeunyoosha waya wa kipasha maji cha tangi, na maji yametambaa juu yake moja kwa moja hadi ndani ya soketi. Tone lilikuwa linang'aa mle. Sisi sote na macho yetu hatukuliona, kisanduku kililiona. Mke wangu alikuwa kwenye chumba baridi, upande wa pili wa mji, na bado alikuwa ametuwahi.

Nilikata utepe, nyaya zikalegea. Nikang'oa kijiti, nikafuta sakafu, nikachomeka kwenye soketi kavu ya kisanduku kilekile. Nikawasha swichi kuu, kisha kisanduku. Pampu ikakohoa, ikashika. Samaki wakateremka polepole kwenye jiwe lao.

Dada alikuwa ameketi ngazini, utepe umelowa mapajani.

"Wifi angenichapa."

"Angekucheka kwanza."

Akacheka yeye, kisha akalia, nami nikaketi kando yake.

Siku hizi maji ya tangi nayabadilisha mimi, kila Jumamosi. Dada huja kunishikia ndoo.