Mashine ya Ndani ya Nailoni

Mama Godelieve hakuwahi kununua samaki bila kumfungua mashavu. Mvuvi angeapa kwa kaburi la baba yake kwamba mukeke huyo ametoka majini sasa hivi. Yeye angemgeuza, angembonyeza jicho, angemnusa tumboni, kisha angemtazama mvuvi kana kwamba na yeye anastahili kunuswa. Wavuvi wa Ubwari walimwogopa kwa hilo. Bamama wauza samaki walipotafuta presidente wa chama chao, hakuna aliyethubutu kushindana naye.

Chama hicho ndicho kilichoahidi kununulia kituo cha afya kompyuta. Ziwa lilipopanda na kuingia kituoni, ile ya zamani ilikunywa maji ikafa. Kilichopona ni kile kichwa cha eko, kipimo cha kuona ndani ya tumbo, ambacho muganga Placide alikipitisha kwenye matumbo ya wenye mimba, maana alikuwa amekitundika juu ukutani. Lakini kichwa hicho bila kompyuta ni jicho bila ubongo. Kinaona, hakisemi.

Na haraka ilikuwepo. Ketsia, mtoto wa mwisho wa Mama Godelieve, alikuwa na mimba ya miezi saba, na mara mbili alikuwa ameona damu. Damu isiyo na maumivu. Hiyo ndiyo Placide hakuipenda.

"Mama, kondo ya nyuma inaweza kuwa imelala chini, kwenye mulango wa mutoto," alimwambia Godelieve. "Kama ni hivyo, siku ya kuzaa damu itaisha yote. Eko itatuonyesha. Tukiona ni hivyo, Ketsia anaenda kungojea mujini Baraka, karibu na hospitali."

"Na kama haiko hivyo?"

"Anabaki kwake, anakula."

Ketsia alikuwa na watoto wawili wadogo, na bwana yake alikuwa anachimba dhahabu Misisi, huko ambako wanaume husahau njia ya kurudi. Kukaa Baraka miezi miwili kwenye mkeka wa watu, kwa ajili ya "inaweza kuwa"? Alisema atangojea eko.

Basi Godelieve na Placide wakapanda boti kwenda Baraka. Placide alibeba kichwa cha eko ndani ya blanketi la mtoto, na mfukoni alikuwa na kle, kile kijiti cha USB cha kuchomeka kwenye kompyuta. Daktari aliyemfundisha kazi alikuwa ameweka humo programu ya eko, pamoja na Linux, mfumo wa kuiendesha, maana programu hiyo haikukubali Windows inayokuja ndani ya mashine za dukani. Pamoja na kle alimwachia karatasi: chomeka, washa, usifute kitu, angalia kama kioo kinaonyesha, kama kichwa kinatambuliwa. Chini kabisa alikuwa amepiga mstari: *Usiamini jina kwenye kifuniko. Pima ile ile utakayobeba.*

Duka lilikuwa la Dany, kijana mnene aliyeuza simu, taa za jua na mafuta ya nywele, vyote kwenye meza moja. Kompyuta alikuwa nazo mbili, za jina moja na namba moja. Moja ilikuwa wazi juu ya meza, imekwaruzwa kwenye kona. Ya pili ilikuwa ndani ya kartoni, imefungwa nailoni.

"Naomba kuipima," Placide alisema.

"Kuipima? We unaumwa ama mashine ndiyo inaumwa?" Dany alicheka, lakini akamsogezea ile ya mezani.

Placide akachomeka kle, akawasha. Maandishi meupe yakashuka mbio kama visamaki vya ndagala vikimwagwa, kisha kioo kikatulia kikawa cha buluu. Akachomeka kichwa cha eko, akainua shati, akajipaka mafuta ya nywele ya Dany, akakipitisha tumboni mwake. Kwenye kioo kukaonekana vivuli vinavyotembea.

"Ni nini ile?" aliuliza Godelieve.

"Ni matumbo yangu, mama."

"Asubuhi ulikula muhogo."

"Inaonekana?"

"Hapana. Inasikika."

Dany akapiga meza kwa kicheko. Placide akafuta tumbo, uso umemchangamka. "Mama, tumepata. Hii hii."

Godelieve akatazama ule mkwaruzo. Chama kilikuwa na desturi yake: kitu cha chama hufunguliwa ufukweni, mbele ya wote, kwa sala na kwa vigelegele. Presidente aliyemtangulia alileta taa ya jua iliyokwisha kufunguliwa. Wakasema ni ya okazyo, iliyokwisha kutumiwa na mtu, wakasema amekula pesa iliyobaki, na mpaka leo akipita wanakohoa. Godelieve hakuwa na nia ya kukoholewa.

"Tutabeba ile ya nailoni," alisema.

"Basi tuifungue, niipime."

"Ukishafungua haiko mupya tena."

"Mama, karatasi inasema tupime ile yenye tutabeba."

"Dany, hizi mbili ziko tofauti?"

"Tofauti wapi, mama? Soma jina. Mama moja, tumbo moja." Wala hakudanganya; ndivyo alivyojua.

"Umesikia," Godelieve alimwambia Placide. "Mi nitapeleka bamama kitu ya kushikwa-shikwa na vidole vya kila mutu? Na mafuta ya tumbo yako juu?"

Placide alikuwa mtu wa adabu, na pesa zilikuwa za bamama. Akainamisha kichwa. Mama aliyefungua mashavu ya kila samaki akabeba nailoni kifuani, bila hata kuikwangua kwa ukucha.

Ufukweni walipokelewa kwa kitenge kilichotandikwa mchangani. Arlette, makamu wa Godelieve, mwenye sauti ya kuvusha ziwa, ndiye aliyepasua nailoni. Vigelegele vikapanda. Kompyuta ilinukia upya hata wengine wakainusa mara mbili.

Kituoni, Placide akachomeka kle. Maandishi meupe yakashuka, kisha kioo kikawa cheusi. Akazima, akawasha. Cheusi. Akarudia mpaka chumba kikaacha kunong'ona. Ketsia alikuwa amelala kitandani, tumbo wazi, anangojea.

"Ndani yake haiko sawa na ile ingine," Placide alimwambia Godelieve pembeni. "Sehemu inayochora picha ni ya namna ingine. Linux ya daktari haiijui. Mama, tusingojee. Tumpeleke Ketsia Baraka kesho."

"Niseme nini kwa bamama? Kwamba mashine iliyopigiwa vigelegele ni kipofu?" Akafikiri. "Siku ya soko mi mwenyewe nitarudi kwa Dany, nibadilishe. Siku ine tu. Na mi niliona damu hivyo hivyo nikiwa na mimba yake. Hakufa mutu."

Damu ilikuja siku ya tatu, jua likiwa katikati ya mbingu, Ketsia akianua ndagala. Haikuja kidogo. Walimlaza ndani ya boti, Placide akiwa miguuni pake ameinua chupa ya maji ya mshipa, Godelieve akiwa amempakata kichwa. Mawimbi yalikuwa marefu. Walipofika nusu ya maji, Ketsia aliuliza kama wamefika. Walipofika kweli, hakuuliza. Mtoto naye hakutoka akiwa hai.

Kwenye kilio bamama walikaa chini ukutani, na Arlette hakuwa ameacha sauti yake nyumbani.

"Muganga gani anashindwa kuwasha mashine mupya? Tulimupa kila kitu!"

"Alizoea za kuharibika," mwingine akasema.

Placide alikuwa amesimama karibu na mlango.

Godelieve akainua uso. "Ni mi."

"Nyamaza, dada, pumzika."

"Ni mi, Arlette. Yeye alipima ile ingine, ikaonyesha. Akaniomba. Mi nilikataa ju ya nailoni. Na akasema tumupeleke, nikakataa tena."

"Ingine gani? Haikuwa na jina ile ile?"

"Jina ile ile. Ndani ingine."

Bamama wakatazamana. Arlette akamfunika mabega kwa kitenge, taratibu, kama mtu anayefunika mgonjwa. "Uchungu umemupanda kichwa," aliwaambia wengine. "Mumuletee uji."

"Mama anasema kweli," Placide alisema kutoka mlangoni.

"Utakataa namna gani?" Arlette akamgeukia. "Maneno hayo yanakuponya wewe!"

Usiku ule watu walitupa mawe juu ya bati la nyumba ya Placide. Jumatatu aliondoka na boti ya kwanza.

Asubuhi ya siku iliyofuata Godelieve alikuta wanawake watatu wenye mimba wamekaa mbele ya kituo. Mmoja alikuwa Aline, mkwe wa Arlette, amevimba miguu.

"Musingojee," Godelieve aliwaambia. "Muende Baraka. Leo."

"Mama mukwe anasema chama kitaleta muganga mwingine," alijibu Aline. "Mwenye kujua mashine."

"Mashine haioni kitu! Mwanangu, nisikie." Akamshika mkono.

Aline akautoa mkono wake polepole, kwa heshima, kama anayemtoa mtoto mdogo karibu na moto. "Ndiyo, mama," alisema. "Pole sana, mama." Akasogea kidogo ukutani, kwenye kivuli, akaendelea kungojea.